Anayejifunza hapigwi

Haya wadau, nimerudi. Mliokuwa mnapita hapa kibarazani tangu Julai mkakuta vumbi tupu, mnisamehe. Nilikuwa TP Singida mjini, wiki 8 nzima, na bando la mwanafunzi mnalijua lilivyo. Sasa nipo tena Dodoma chuoni, kitanda cha juu kilekile, na jamaa wa kitanda cha chini anakoroma vilevile. Leo sina habari za boom wala za sup. Leo nataka tuzungumze ngumi.

Najua mtacheka. Wanaonijua wanajua urefu wangu: futi 5 na inchi 2, na hapo nimevaa viatu. Lakini naomba mnisome mpaka mwisho, maana sitaki kuwasimulia tu jinsi nilivyotoka jasho. Nina hoja, na inawahusu hasa wenzangu wa ualimu. Nadhani kila mwalimu mtarajiwa, kabla hajashika chaki, angepaswa kwenda mahali fulani akawe mjinga wa mwisho darasani. Mimi mahali pangu palikuwa chumba cha ngumi.

Niseme ukweli mapema, maana bila ukweli huu makala yote haina maana. Sikwenda kujifunza ngumi kwa ajili ya afya. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuogopwa. Shule niliyopangiwa ilikuwa ya kata. Nilipewa Kiswahili kidato cha pili, wanafunzi 74 chumba kimoja, na Jiografia kidato cha tatu, ambako kuna vijana wana ndevu kuliko mimi. Siku ya kwanza naingia kidato cha tatu, mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika kama mimi ndiye mwanafunzi mgeni. Darasa zima likaangua kicheko. Nikacheka nao, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Wiki ya pili nikawapa kidato cha pili jaribio la ngeli za nomino, maswali 10. Waliopata chini ya 5 walikuwa kibao. Mwenzangu mmoja ofisini, mtu mwema tu, aliyekuwa ananikaribisha chai kila saa nne, akanipa fimbo akasema, "Ticha, ukianza kwa kuwachekea watakupanda kichwani." Nikaenda nikachapa. Wavulana 11, mmoja mmoja, fimbo mbilimbili. Wasichana niliwaacha, nikajiona nimetenda haki. Sikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Nilikuwa na woga tu. Kisha darasa likawa kimya, nami nikatoka kifua mbele.

Kifua hicho ndicho kilichonipeleka kwenye ngumi. Nilikuwa nimepanga chumba Utemini, na kijana wa mwenye nyumba akaniambia kuna kocha anafundisha jioni, kwenye jengo lililokuwa ghala la alizeti. Nikaona poa. Mwalimu mfupi anayejua ngumi ni habari ya kufika shuleni ndani ya siku 2. Jumatatu ya wiki ya tatu nikatia timu.

Msidhani ni gym kama zile za kwenye filamu. Sakafu ya saruji iliyopasuka, taa mbili, begi la kupigia lililoshonwa kwa turubai na kujazwa nguo chakavu, tairi la lori, kamba za kuruka, na jozi 4 za glavu ambazo harufu yake inakupokea mlangoni. Harufu ya mashudu nayo bado imo ukutani. Kocha ni mzee wa miaka hamsini na ushee, mpole, anaongea polepole kama mtu anayehesabu chenji. Walikuwapo vijana kama 12, wawili kati yao wasichana.

Na katikati yao, jamani, alikuwapo mmoja wa wale 11.

"Shikamoo mwalimu," akasema. Nikaitikia marahaba huku uso unawaka. Kocha akatutazama, akacheka. "Kumbe mnajuana? Vizuri. Basi dogo, leo mwalimu wako ni mwanafunzi wako. Mfundishe kusimama."

Wiki nzima ya kwanza sikupiga ngumi hata moja. Nilisimama tu. Kwa wasiojua, kusimama kwa bondia si kama kusimama foleni ya kantini. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto unakaa mbele na wa kulia nyuma, katikati pana upana wa mabega, wala miguu haipangwi mstari mmoja kama mtu anayetembea juu ya kamba. Kisigino cha nyuma kinanyanyuka kidogo. Magoti yanalegea. Mwili unakaa upandeupande ili usimpe mwenzako kifua chote. Kidevu kinashuka. Ngumi ya kulia inakaa karibu na shavu, ya kushoto mbele kidogo usawa wa jicho, na viwiko vinafunika mbavu. Ukienda mbele, mguu wa mbele unatangulia na wa nyuma unafuata. Ukirudi, wa nyuma unatangulia. Miguu haipishani, maana ukiipishanisha halafu ukaguswa kidogo tu, upo chini.

Kwa kusoma ni rahisi. Hebu jaribu hapo ulipo, dakika 3 bila kupumzika, uone mapaja yanavyolia. Mimi mguu wangu wa nyuma ulikuwa unajivuta kila mara na kuja kukaa karibu na wa mbele, kama kifaranga na mama yake. Kila ukijivuta, yule dogo anasema, "Mwalimu, mguu." Narekebisha. Hatua mbili, "Mwalimu, mguu." Siku moja nilianza kuhesabu, nilipofika 30 nikaacha. Hakupandisha sauti hata mara moja. Hakucheka. Hakusema "nimeshakwambia". Alisema tu mguu, kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Siku ya nne nikamuuliza kocha mbona ni miguu tu. Akaniambia ngumi inatoka chini. Kisigino cha nyuma kinageuka, nyonga inageuka, bega linafuata, mkono ndio wa mwisho kupata habari. Anayepiga kwa mkono peke yake anaishiwa nguvu raundi ya kwanza. "Na sisi watu wa Singida," akaongeza, "Mungu katupimia mvua kwa kijiko, lakini miguu katupa." Hapo sikuwa na la kubisha. Alphonce Simbu ni mzaliwa wa mkoa huohuo, na Septemba 2025 kule Tokyo alishinda mbio za marathoni za dunia kwa muda uleule na Mjerumani aliyekuwa wa pili, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, mpaka picha ya kamera ikaamua. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Asubuhi za Jumamosi tulikuwa tunakimbia kuelekea Ziwa Singidani, upepo wa Julai unakupiga usoni kama umemkopa hela, na wale watoto wananiacha kama nimesimama.

Wiki ya pili ndipo nikafunga bendeji mikononi. Nilidhani ni mapambo. Kumbe mkono una mifupa 27, mingi midogo, na ngumi iliyokunjwa vibaya inamvunja mpigaji kabla ya mpigwaji. Kidole gumba kinakaa nje, juu ya vidole, wala hakifichwi ndani. Unagusa kwa vifundo viwili vya kwanza, kile cha shahada na cha kati. Anayetua kwa kidole kidogo anaweza kuvunja mfupa wake mwenyewe. Hayo ndiyo yanayowakuta sana wanaopigana baa.

Kisha ngumi yenyewe ya kwanza, ile ya kudokoa. Mkono wa mbele unanyooka, ngumi inageuka mwishoni kiganja kikitazama chini, na inarudi kwa njia ileile iliyokwenda nayo. Si ngumi ya kumwangusha mtu. Ni ya kupima umbali, ya kumsumbua, ya kumzuia asikaribie. Baadaye inakuja ya nyuma iliyonyooka, halafu ya kuzungusha kutoka pembeni, halafu ya kupandisha kutoka chini. Nne tu. Yote mnayoyaona kwenye televisheni ni hizo nne zinachanganywa. Na kila ngumi ina nusu ya pili ambayo watu hawaioni, kurudisha mkono shavuni. Mimi nilikuwa napiga halafu nausahau mkono huko mbele. Kocha alikuwa na rungu la sifongo, ukisahau kurudisha anakugusa nalo shavuni polepole. Haliumi, ila unaelewa.

Nisimame kidogo hapa, maana kuna watu wanaona ngumi ni mchezo wa wahuni. Nchi hii ina historia nao. Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba alileta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham Septemba 2018 wenyeji wakidhani wamemletea Sam Eggington mtu wa kumpashia misuli, akamaliza kazi raundi ya pili. Mjini huohuo, mwaka 2022, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe wakapata shaba za Jumuiya ya Madola. Tanzania ilirudi na medali 3 safari ile, 2 za ngumi na moja ya fedha ya Simbu huyohuyo. Kwa hiyo tusiseme ni wahuni.

Na ngumi hizi zina sheria kuliko madarasa yetu mengi. Kanuni za Queensberry zilizotolewa Uingereza mwaka 1867 ndizo zilizoleta glavu, raundi za dakika 3, dakika 1 ya kupumzika, na sekunde 10 za kumsubiri aliyeanguka. Mabondia wanapangwa kwa uzito ili mkubwa asimwonee mdogo. Kuna mwamuzi anayeweza kusimamisha wakati wowote. Kuna mahali ambapo hupigi: kisogoni, chini ya mkanda, na mtu akiwa chini. Na kubwa kuliko yote, wote wawili wamekubali kupanda ulingoni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Wiki ya tano kocha akasema nipo tayari kupimana, mwilini tu, kichwa marufuku, kwa nguvu ndogo. Akanipanga na dogo. Nikavaa kinga ya meno, moyo unakwenda mbio. Mtoto wa miaka 15, mimi 23. Nitakuwa mkweli: mawazo yalinijia. Nilikumbuka fimbo mbili zile. Nikasema leo ananilipa, na ana haki yake.

Dakika 2 zile sitazisahau. Mimi nilikuwa natupa mikono, yeye hayupo. Nikigeuka, yupo pembeni. Nikiinua kiwiko, ubavu unaguswa, kidogo tu, tap, kama mtu anayebisha hodi. Nikishusha mkono, bega linaguswa. Alikuwa na nafasi labda 20 za kunitoa pumzi. Kila mara aligusa tu akaenda zake. Kengele ilipolia nikiwa nimeinama, mikono magotini, nikamuuliza kwa nini hakupiga. Akanishangaa, kama nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha. "Mwalimu, bado unajifunza," akasema. "Kocha kasema anayejifunza hapigwi."

Anayejifunza hapigwi. Kumbe ndiyo sheria ya pale, ya kwanza kabisa, na mimi nilikuwa nimeshaila wiki 3 bila kujua. Hakuna aliyenichapa kwa mguu wangu wa nyuma, na mguu ule niliukosea mara mia kadhaa. Kwenye chumba ambacho watu wanakwenda makusudi kupigana, sikupigwa kwa kukosea. Darasani kwangu, mahali pa vitabu, nilichapa watoto 11 kwa sababu hawakujua ngeli ya neno. Yaani walipigwa kwa kutojua kitu ambacho mimi ndiye niliyetumwa kuwafundisha.

Niliporudi chumbani usiku ule nikaitafuta kanuni. Aibu kubwa ni kwamba nimesoma ualimu miaka miwili na nilikuwa sijaisoma. Kanuni za viboko za mwaka 2002, zilizo chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinasema viboko visizidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kufeli jaribio hakumo. Mwalimu wa TP mwenye fimbo ya kuazima hayumo. Kwa hiyo siku ile mimi sikuwa mwalimu mkali, nilikuwa mvunja sheria mwenye kadi ya chuo. (Wenzetu Kenya waliviondoa kabisa shuleni mwaka 2001, lakini hilo ni la siku nyingine.)

Na msiseme ni mambo madogo. Mnakumbuka video ya Oktoba 2016 kutoka Sekondari ya Kutwa Mbeya, mwanafunzi wa kidato cha tatu anashambuliwa ofisini kwa ngumi na mateke? Waliokuwa wanapiga hawakuwa walimu wazoefu waliochoka na maisha. Walikuwa walimu wa mafunzo kwa vitendo. Watu wa TP, wadau. Sisi. Na Agosti 2018 kule Bukoba mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kipigo cha mwalimu, na mwaka 2019 mahakama ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Sidhani kuna hata mmoja kati ya hao aliyeamka asubuhi akipanga kuumiza mtoto. Walianza pale nilipoanzia mimi, na ile fimbo ya kwanza ambayo hakuna aliyeniuliza.

Nilipoanza kuyasema haya bwenini, majibu yalikuja mengi. La kwanza, na ndilo linalopendwa: "Sisi tulichapwa na tumefika chuo." Sawa. Lakini angalieni nani anatoa ushahidi. Wanaoongea ni waliofika. Rafiki yangu wa darasa la sita aliyeacha shule kwa kuogopa somo la hesabu hayupo bwenini kwetu kutoa maoni. Mkiwahesabu waliovuka mto tu, kila mto utaonekana una kina cha magoti.

La pili: "Ngumi zenyewe ni vurugu, unatufundisha nini?" Hili nalikubali nusu. Ngumi za kichwa zinaumiza. Kidevu kikipigwa kichwa kinazunguka ghafla, ubongo unatikisika ndani ya fuvu, na madhara yanaweza kujikusanya miaka mingi. Muhammad Ali, aliyepata kufika mpaka Dar es Salaam mwaka 1980, sote tunajua alivyoishia mikono ikitetemeka, ingawa madaktari hawakukubaliana ngumi zilichangia kiasi gani. Kwa hiyo sisemi watoto wa shule wakapigane vichwa. Nasema misingi: kusimama, kutembea, kuruka kamba, kupiga begi, kujikinga. Hayo yana faida zote za mchezo na hayampasui mtu. Na kocha asiyekuambia hatari ya kichwa siku ya kwanza, mkimbie.

La tatu ndilo gumu: "Kocha wako ana watu 12, wewe una 74." Kweli kabisa. Siwezi kusema "mguu" mara 30 kwa kila mmoja katika dakika 40. Sina jibu kamili, na anayesema analo hajawahi kufundisha kidato cha pili saa nane mchana. Ila niliiba mambo mawili ghalani nikayajaribu wiki tatu za mwisho. Moja, kosa moja kwa wakati mmoja. Kocha alipokuwa anarekebisha mguu, mikono yangu ingekuwa hovyo namna gani hakuigusa. Nikaacha kusahihisha ngeli zote kwa mpigo, nikashika ngeli moja kwa kipindi. Pili, anayejua kidogo amfundishe asiyejua. Nikawapanga watano watano, katika kila kundi mmoja aliyepata 7 au zaidi. Dogo wangu hakuwemo kati ya hao wa 7, ila alikaa kundini akawa anasikiliza, na safari hii mwenye subira akawa mtoto mwingine kwake.

Msitegemee niwaambie darasa zima lilipata 10. Halikupata. Kelele ziliongezeka, mpaka jirani yangu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Wavulana watatu waliona mwalimu kalegea, wakatumia nafasi vizuri sana. Lakini mikono iliyokuwa inanyooshwa kuuliza swali iliongezeka pia, na kwenye jaribio la mwisho wale waliokuwa wanarudisha karatasi nyeupe tupu walianza kuandika kitu. Kibaya, lakini kitu. Karatasi yenye kosa ina mguu wa kurekebisha. Karatasi nyeupe haina.

Wiki ya saba nikasimama mbele ya darasa nikaomba radhi kwa zile fimbo. Wengine walitazama chini. Mmoja alicheka kwa aibu. Ofisini niliambiwa nimeshusha heshima ya walimu, na huenda kwa macho yao kweli nimeshusha. Jioni kule ghalani nilimwomba radhi dogo peke yake. Akasema, "Haina shida mwalimu," haraka, ili yaishe. Sikuona kama yameisha, na wala si kazi yake kuniishia. Tukaanza mazoezi.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki, na wakubwa wa vitivo vyetu mkipita hapa msomeni pia. Kwanza, mwanafunzi asipandishwe basi la TP kabla hajasomewa kanuni ya viboko neno kwa neno na kuitia saini. Ni ukurasa mmoja tu jamani, tunatia saini za mkopo ndefu kuliko hiyo. Pili, kila mwalimu mtarajiwa ajifunze kitu asichokijua kabisa, kitu cha mwili au cha mkono, walau muhula mmoja: ngumi, ushonaji, kuogelea, zeze, chochote kile. Nadharia za ujifunzaji tunazikariri kwa ajili ya UE. Lakini ile hali ya kukosea kitu kilekile kwa mara ya 30 huku unajitahidi kwa moyo wote, hiyo haimo kwenye kitini. Mtoto anayekosea ngeli hafanyi jeuri. Mguu wake wa nyuma unajivuta tu.

Na kuhusu kuogopwa? Habari za mwalimu bondia zilifika shuleni kweli, siku 2 kama nilivyopiga hesabu. Ila zilifika na dogo, na alichowaambia wenzake ni kwamba mwalimu wa Kiswahili hajui kusimama. Kidato cha tatu walicheka wiki nzima. Cha ajabu, baada ya kicheko kile wakaanza kunisikiliza.

Nimetafuta hapa Dodoma pa kuendelea na mazoezi, nimepata. Jana nilikwenda mara ya kwanza. Kocha mpya akanitazama ninavyosimama, akaniuliza nani kanifundisha miguu. Nikamwambia mwanafunzi wangu.

Haya, kesho saa moja asubuhi kuna kipindi na sijapiga pasi. Usiku mwema.